Simbilisi Mchaguzi na Chakula Chake Kamili

Miongoni mwa wanyama wadogo ambao binadamu amewaingiza nyumbani mwake kwa mapenzi, simbilisi ni mmoja ambaye aghalabu huumizwa na mkono uleule unaomlisha. Si kwa kuwa mkono huo una ukatili au uchoyo, bali kwa kuwa mwenye mkono hajapata kuyajua maumbile ya kiumbe aliye mbele yake, akampa kwa ukarimu kila kilicho kitamu kwa watu, akamnyima pasipo kukusudia kile ambacho mwili wake hauwezi kudumu bila ya hicho. Na taabu huzidi pale mnyama huyo anapokuwa mchaguzi, yaani anapoyasukuma majani kwa pua, akaiacha mboga ikanyauka, akangojea kipande cha karoti au punje za nafaka alizozizoea, hata mwenye kumfuga akahuzunika, akashindwa, akampa anachokitaka. Muradi wa makala haya ni kumsaidia mfugaji aliyefikwa na hali hiyo, kwa kumweleza kwanza jinsi mwili wa simbilisi ulivyo, kisha sababu za uchaguzi wake, na baadaye njia ya kumwongoza kwa upole hata akubali chakula kinachomfaa.

Simbilisi ni mmoja wa wanyama wagugunaji, mwenye mwili wa mviringo, masikio mafupi na miguu mifupi, wala hana mkia unaoonekana. Akikomaa huwa na uzito wa gramu 700 hadi 1,200, na akitunzwa vema huishi miaka 5 hadi 8. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako wenyeji wa nchi ambazo leo huitwa Peru, Bolivia na Ecuador walimfuga kwa ajili ya nyama na kafara maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajafika huko. Katika karne ya 16 alichukuliwa kwa merikebu hadi Ulaya, na huko watu wakampenda kwa upole wake, akawa mnyama wa kuchezewa na watoto badala ya kuwa kitoweo. Katika bara letu anajulikana sana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, pande za Iringa, Njombe na Mbeya, na vilevile huko Kivu katika Kongo, ambako familia nyingi humfuga kwa nyama, akizunguka sakafuni jikoni na kuokota majani na maganda yanayodondoka. Siku hizi wako pia wakazi wa mijini wanaomweka ndani kama rafiki wa nyumba, na kwa hao, ambao hawana shamba la majani karibu wala hawakurithi maarifa ya wazee wa milimani, suala la chakula chake huwa gumu zaidi.

Ajuaye kinywa na tumbo la simbilisi amekwisha kuipata nusu ya elimu ya kumlisha. Kinywani mwake mna meno 20, manne ya mbele na magego 16 ya nyuma, na yote hayo, tofauti na meno yetu, hayakomi kukua tangu anapozaliwa hata anapokufa. Kitu kinachoyapunguza ni kusagana kwenyewe, yaani saa nyingi za kutafuna majani magumu yenye nyuzinyuzi. Na iwapo mnyama atalishwa vitu laini visivyotaka kutafunwa sana, magego yake hurefuka, hupinda, huukwaruza au hata kuubana ulimi, na mwisho hushindwa kula ilhali njaa imemshika. Tumboni nako mna ajabu nyingine. Mwanzoni mwa utumbo wake mpana upo mfuko mkubwa ambamo vijidudu vyenye manufaa vimejaa, navyo ndivyo vinavyolichachua jani na kutoa ndani yake lishe ambayo tumbo la kawaida lisingeweza kuipata. Ili asipoteze faida ya kazi hiyo, simbilisi hula tena sehemu ya kinyesi chake iliyo laini, na mfugaji akimwona akifanya hivyo asishtuke wala asimzuie, kwa maana hiyo ndiyo kanuni ya mwili wake. Fauka ya hayo, simbilisi hana uwezo wa kutapika, na matumbo yake yameumbwa kwa mwendo usiokatika: lazima kiwepo kinachoingia ndipo kilichomo kiendelee kusogea.

Kutokana na hayo inadhihirika kwamba msingi wa chakula cha simbilisi ni nyasi, hususa nyasi kavu zilizokatwa na kuanikwa vizuri zikiwa bado na rangi ya kijani na harufu njema. Madaktari wa wanyama wanapotaja kadiri yake husema kwamba nyasi hizo ziwe yapata sehemu 80 katika kila 100 za chakula chake chote, na kwamba zisikosekane mbele yake mchana wala usiku. Katika nchi za baridi hutumiwa zaidi nyasi ziitwazo timothi. Kwetu sisi nyasi za boma rhodes, ambazo wafugaji wa ng'ombe huziuza kwa marobota, hufanya kazi hiyohiyo, na ukoka mbichi uliochumwa mahali safi, majani ya matete na majani ya mahindi pamoja na maganda yake ya kijani huweza kuongezwa kwa kubadilishana. Nyasi zenye ukungu, zenye vumbi, zilizolowa na kulundikwa hata zikapata joto, au zilizochumwa kando ya barabara yenye moshi na mahali paliponyunyiziwa dawa za kuulia wadudu, hazifai hata kidogo. Ama majani ya alfalfa, ambayo wengi huyadhania kuwa bora kwa kuwa ni ghali na mnyama huyala kwa pupa, yana chokaa nyingi mno kwa simbilisi aliyekomaa, nayo chokaa hiyo huweza kugeuka mawe katika kibofu chake cha mkojo. Basi yaachiwe watoto walio chini ya miezi sita, wenye mimba na wanaonyonyesha, ambao miili yao inaihitaji kwa kujenga mifupa na maziwa.

Lakini nyasi kavu peke yake, pamoja na ubora wake wote, hazimtoshi simbilisi, na sababu yake ni kasoro moja ya kuzaliwa anayoshiriki nasi wanadamu. Wanyama walio wengi, kama mbuzi, mbwa, paka na panya, hujitengenezea vitamini C ndani ya miili yao, hata hawana haja ya kuitafuta katika chakula. Simbilisi, kama binadamu na kama nyani, hawezi, kwa kuwa mwili wake umekosa kimeng'enya kimoja cha mwisho kinachokamilisha kazi hiyo. Asipopewa vitamini hiyo kila siku, huanza kuugua kiseyeye, maradhi yaleyale yaliyokuwa yakiwamaliza mabaharia wa zamani katika safari ndefu: manyoya yake huparara na kupoteza mng'ao, viungo huvimba na kuuma, mwendo huwa wa kuchechemea, fizi hutoka damu, majeraha hayaponi, na hamu ya chakula humtoka. Hayo hayachukui muda mrefu kuonekana, kwa kuwa majuma mawili au matatu ya kukosa yatosha kumdhoofisha.

Ni haki msomaji ajue kwamba elimu hii kuhusu kiseyeye, ambayo imeokoa maisha ya watu wengi, ilipatikana kupitia mnyama huyu huyu. Mwaka 1907 wanachuoni wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wakichunguza maradhi ya beriberi yaliyowapata mabaharia, wakawalisha simbilisi nafaka tupu na mkate. Kwa mshangao wao, maradhi yaliyotokea hayakuwa beriberi bali yalikuwa kiseyeye, ambacho hadi wakati huo kilidhaniwa kuwa ni cha binadamu peke yake. Walipowapa wagonjwa wao kabichi mbichi na maji ya limau, walipona. Lau wangaliwatumia panya, wasingaliona lolote, kwa sababu panya hujitengenezea kinga yake. Baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 1930, mtaalamu wa Hungaria aitwaye Albert Szent-Györgyi, akiwa katika mji wa Szeged, alithibitisha kwa msaada wa simbilisi kwamba dutu aliyokuwa ameitenga ndiyo vitamini C yenyewe, na akaipata kwa wingi katika pilipili nyekundu zilizolimwa pande zile. Kazi yake ilimletea Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Basi deni tulilo nalo kwa simbilisi si dogo, na insafu inataka tulilipe walau kwa kumpa yeye mwenyewe kile alichotufundisha kukitafuta.

Kiasi anachohitaji kinajulikana: simbilisi mzima mwenye siha njema hutaka miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na mwenye mimba au mgonjwa hutaka zaidi. Hesabu hiyo si ngumu kuitimiza kwa mboga za sokoni. Gramu 100 za pilipili hoho nyekundu, zile kubwa zisizo kali, zina zaidi ya miligramu 120, na za kijani zina takriban 80; kwa hiyo kipande cha gramu 25, ambacho hakizidi robo ya hoho moja ya wastani, chatosha kumlinda kwa siku nzima. Pera lina vitamini C nyingi kuliko hoho, na chungwa linayo takriban miligramu 50 katika gramu 100, lakini matunda yote yana sukari, na sukari huvuruga vijidudu vya tumboni mwake. Basi tunda liwe kipande kidogo kama ncha ya kidole gumba, mara moja au mbili kwa juma, wala lisigeuzwe mlo. Mboga zitolewe mbichi, kwa kuwa moto huiharibu vitamini hii, na zikatwe wakati wa kulishwa, kwa maana mboga iliyokatwa tangu asubuhi hupoteza nguvu kadiri saa zinavyopita.

Kwa wastani, kikombe kimoja cha mboga mbichi kwa siku kinamtosha simbilisi mmoja, na hekima ni kuzichanganya mboga hizo badala ya kushikilia moja. Hoho iwepo kila siku. Pembeni yake yawepo majani ya giligilani, ambayo Wakenya huyaita dania, au saladi yenye majani ya kijani kibichi, au tango, au maganda mabichi ya mahindi. Sukuma wiki ni njema kwa vitamini, lakini ina chokaa, kwa hiyo ipewe siku moja na kupumzishwa siku nyingine. Mchicha na spinachi zina asidi ambayo hushirikiana na chokaa kufanya mawe ya kibofu, basi zitolewe kwa nadra. Kabichi ikizidi hujaza tumbo gesi, na gesi kwa mnyama huyu ni hatari kubwa. Karoti, ambayo picha za vitabu vya watoto zimeifanya ionekane kama chakula halisi cha wanyama wa aina hii, ina sukari, na kipande kidogo mara chache kwa juma kinatosha.

Kuhusu pelleti, yaani kile chakula kilichosagwa na kushindiliwa kiwandani kuwa vipande vidogo, rai ya wataalamu ni kwamba ziwe nyongeza wala zisiwe msingi, kiasi cha vijiko viwili vya mezani kwa siku kwa mnyama mzima. Zichaguliwe zile zilizotengenezwa kwa ajili ya simbilisi hasa, kwa kuwa pelleti za sungura hazikutiwa vitamini C, na mfugaji atazame tarehe ya kutengenezwa, kwa maana baada ya siku 90 hivi sehemu kubwa ya vitamini iliyotiwa huwa imekwisha. Aina zile zilizochanganywa na mbegu, mahindi makavu, karanga na vipande vya rangi zinapendeza macho, lakini ndizo hasa zinazomfundisha simbilisi uchaguzi mbaya: huchambua vilivyo vitamu, akaviacha vinavyomfaa, na mbegu ngumu huweza kumkwama kooni.

Hapa ndipo tunapofikia jambo lenyewe la uchaguzi. Wengi hudhani kwamba simbilisi anayekataa mboga ana kiburi au amedekezwa, na huweza kuwa kweli kwamba amezoeshwa vibaya. Lakini chanzo cha tabia hiyo kipo ndani zaidi. Mtoto wa simbilisi hukaa tumboni mwa mama yake kati ya siku 59 na 72, akazaliwa na manyoya, macho wazi na meno tayari, na katika siku za mwanzo kabisa za maisha yake huanza kuonja majani ingawa bado ananyonya. Vitu anavyovionja katika siku hizo na miezi michache inayofuata, pamoja na harufu yake, umbo lake na namna vinavyovunjika kinywani, ndivyo anavyovitambua kuwa ni chakula. Kisichokuwamo katika orodha hiyo yeye hukihesabu kuwa si chakula. Kwa mnyama mdogo asiyeweza kutapika sumu, hadhari ya namna hii ilikuwa ngao ya uhai wake alipokuwa porini, kwa kuwa jani geni lingeweza kuwa jani la mauti. Anapokataa sukuma wiki leo, anatii sheria iliyowahifadhi wazazi wake wa milimani, wala hana kusudi la kumuudhi mtu.

Jambo hili likieleweka, mfugaji huona mara moja kosa la njia inayotumiwa na wengi, nayo ni ile ya kusema kwamba njaa itamfundisha. Mbwa mwenye afya aliyekataa chakula jioni atakikubali asubuhi, na hakuna lililoharibika. Simbilisi huweza kukaa mbele ya chakula asichokitambua hata akafa, kwa sababu matumbo yake yakikaa tupu husimama, gesi hujaa, na ini huanza kuziba kwa mafuta. Haifai kabisa kumnyima chakula chote ili akubali kipya. Vilevile haifai kubadilisha chakula kwa ghafula, hata kama kipya ni bora mara kumi kuliko cha zamani, na aliyemnunua simbilisi dukani au kumpokea kwa jirani na aulize kwanza alikuwa akilishwa nini, kisha aendelee na hicho hicho siku za mwanzo.

Njia iliyo salama ni ya taratibu, na ina hatua ambazo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuzifuata. Iwapo ni pelleti zinazobadilishwa, robo ya kipimo iwe mpya na robo tatu ziwe za zamani kwa siku kadhaa, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, hata baada ya juma moja au mawili mageuzi yawe yamekamilika bila tumbo kushtuka. Iwapo ni mboga, iletwe aina moja tu kwa wakati, kipande kidogo, kikiwa kimelazwa juu ya kile anachokipenda au kuzungushiwa ndani ya jani la saladi alilokwisha kulizoea, hata harufu ya kigeni ikachanganyika na harufu ya kawaida. Ikiwa amekataa, kipande hicho kiondolewe baada ya saa chache kisije kikaoza, na kirudishwe kesho na kesho kutwa bila kukata tamaa, kwa maana wako wanaokubali mboga baada ya kuiona mara nyingi sana. Umbo nalo lina kazi yake: mnyama anayekataa hoho iliyokatwa vipande vinene huweza kuikubali iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, na anayeacha jani lililokatwa huweza kulivuta lote likiwa na kikonyo chake.

Iwapo tatizo ni kukataa nyasi kavu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, basi kwanza mfugaji aangalie kama mnyama anashibishwa kwa pelleti na vitamu, na kama ndivyo, vipunguzwe kidogo kidogo. Kisha aziboreshe nyasi zenyewe: azibadilishe mara mbili kwa siku, kwa kuwa simbilisi hatamani nyasi alizozilalia na kuzikojolea, azitawanyie majani machache ya giligilani ili zipate harufu, azisokote ndani ya bomba la karatasi au kikapu kidogo ili mnyama azivute mwenyewe, na ajaribu zaidi ya aina moja, laini na ngumu, hata aijue anayoipenda. Lililo bora zaidi kuliko hila zote ni kumpa mwenzake. Simbilisi ni mnyama wa jamaa, ambaye upweke humdhoofisha, kiasi cha kwamba sheria ya Uswisi inakataza kumweka peke yake. Na mchaguzi akimwona mwenziwe anatafuna jani kwa furaha, mara nyingi husogea, hunusa, na mwishowe huonja. Kwa mwenye watoto wa simbilisi ushauri ni mwepesi zaidi: wapewe aina nyingi za majani na mboga katika miezi yao ya mwanzo, nao aghalabu hawatakuwa wachaguzi maishani.

Maji safi yawepo saa zote, na yabadilishwe kila siku, na mdomo wa chupa usafishwe kwa kuwa mnyama huyu huyarudisha makombo ndani yake. Dawa ya vitamini C isitiwe katika maji hayo, ingawa maduka huuza matone ya kazi hiyo; huharibika upesi kwa mwanga, na ladha yake huweza kumfanya mchaguzi asinywe kabisa, akaongezewa kiu juu ya upungufu. Ikilazimu kumwongezea, apewe moja kwa moja kinywani kwa kadiri iliyoagizwa na daktari. Kadhalika joto lizingatiwe: kiumbe wa milima ya baridi huona dhiki katika mwambao wa Mombasa, Dar es Salaam au Maskati, na likizidi nyuzi 27 za Selsiasi hamu yake ya kula hupungua, basi awekwe mahali penye kivuli na upepo, mbali na bati na dirisha la jua.

Viko vitu ambavyo havifai kwa kiasi chochote. Vitunguu vya aina zote, vitunguu saumu, parachichi pamoja na majani yake, viazi mviringo vibichi na machipukizi yake, majani ya nyanya, kisamvu kibichi, maharage makavu, majani ya mvuti ambao hupandwa kama ua katika mashamba, chokoleti, mkate, maziwa, nyama na vyakula vya mezani vilivyotiwa chumvi au mafuta, vyote hivyo ni ama sumu kwake ama mzigo ambao tumbo lake halikuumbwa kuubeba. Watoto wa nyumbani waelezwe hayo kwa upole na kwa kurudiwa, maana mapenzi ya mtoto ndiyo hupeleka biskuti kwenye tundu.

Tena ni wajibu wa mfugaji kupambanua baina ya mchaguzi na mgonjwa. Mchaguzi hukataa kile lakini hula hiki, hupiga kelele za shangwe anaposikia mfuko wa mboga ukifunguliwa, na uzito wake hausogei. Mgonjwa hukisogelea chakula kana kwamba anakitaka, akakichukua na kukidondosha, au hujikunyata pembeni bila kujali, kidevu chake huwa kimelowa mate, na kinyesi chake huwa kidogo, kikavu, au hakipo. Mizani ndogo ya jikoni ni mlinzi mwema katika jambo hili: apimwe mara moja kila juma na uzito uandikwe, na akipungua gramu 50 au zaidi kwa juma moja pasipo sababu inayojulikana, kinywa chake kichunguzwe na mtu mwenye ujuzi. Asiyekula chochote kwa saa 12 apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kungojea hadi siku nzima ipite ni kuyachezea maisha yake. Na mtu asiende duka la dawa akanunua dawa za kuua vijidudu kwa kukisia: penisilini, ampisilini na amoksilini, ambazo humponya binadamu, huvifutilia mbali vijidudu vyema vya tumbo la simbilisi na kuviachia nafasi vile viovu, na wengi hufa kwa dawa hizo kabla ya maradhi yenyewe kuwaua.

Kwa ufupi, mfugaji anatakiwa kutimiza mambo machache kila siku bila kuruka: nyasi kavu zisizokwisha, kikombe cha mboga mbichi chenye hoho ndani yake, pelleti kidogo, maji safi, na jicho la kuangalia nini kimeliwa na nini kimebaki. Gharama yake si kubwa, kwa kuwa sehemu iliyo kubwa ya chakula hicho huota bure au huuzwa rahisi katika kila soko la miji yetu. Kinachotakiwa zaidi ni subira ya kumfundisha kiumbe mwenye hofu kwamba jani geni haliui. Ewe msomaji uliye na simbilisi nyumbani, usimlazimishe kwa njaa, wala usimdekeze kwa sukari. Anza leo kwa kipande kimoja chembamba cha hoho, kirudishe kesho endapo atakikataa, na usiache hata atakapokikubali, kwa sababu yeye hana namna ya kujitafutia anachokihitaji, na amana ya uhai wake umekwisha kuipokea wewe.